Rida ya fidi inakusumbua kwenye Linux? Anza na dalili kabla hujaifuta

Nimeona watu wengi wakifanya hivi: rida, yaani programu ya kukusanyia habari mpya za tovuti mbalimbali, imegoma kuleta habari, mtu anaifuta, anaweka nyingine, siku mbili nayo inagoma vilevile, anaweka ya tatu, mwisho anasema mambo ya RSS, yaani hizo fidi, yameshapitwa na wakati anarudi kusubiri habari kwenye magrupu ya WhatsApp. Na mara nyingi ukikaa ukaangalia vizuri unakuta ugonjwa haukuwa kwenye rida kabisa, ulikuwa kwenye anwani ya fidi, au saa ya kompyuta, au intaneti yenyewe. Kwahiyo hapa nataka twende dalili kwa dalili, na kila penye sababu ya kweli ya kubadilisha rida nitakwambia badilisha, na uhamie wapi.

Kwa asiyejua, fidi ni faili la XML ambalo tovuti inaliweka likiwa na vichwa vya habari mpya, linki na muhtasari au makala nzima. Rida inaenda kulichukua kila baada ya muda na kukupangia, hamna anayekuchagulia uone nini na nini kifichwe, na kwangu mimi hiyo ndo sababu kubwa ya kuhangaika na hii kitu. Zamani wengi tulikuwa tunatumia Google Reader, ikafungwa tarehe 1 Julai 2013. Firefox nayo ilikuwa inafungua fidi yenyewe, wakaitoa hiyo huduma kwenye toleo la 64, Desemba 2018. Tangu hapo kwenye Linux lazima uchague rida yako mwenyewe: Liferea, Akregator, RSS Guard, NewsFlash, Newsboat ya kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia komandi), au hata Thunderbird uliyonayo tayari kwa ajili ya barua pepe.

Kabla hujagusa chochote hifadhi nakala ya orodha yako ya fidi kwenye faili la OPML, ambalo rida yoyote inaweza kulisoma. Rida zote nilizotaja hapo juu zinaweza kutoa na kuingiza OPML, kwenye Newsboat kutoa ni `newsboat -e > fidi.opml` na kuingiza ni `newsboat -i fidi.opml`, zile nyingine iko kwenye menyu. Liweke kwenye flashi au jitumie kwa imeli. Ila elewa kitu kimoja, OPML inabeba anwani na mafolda tu, haibebi makala ulizoweka nyota wala kumbukumbu ya ulichosoma na ambacho hujasoma, hivyo vinabaki kwenye database ya rida ya zamani. Kama kuna makala unazitunza, zifungue uzihifadhi pembeni kabisa.

Unaingiza anwani, rida inasema hakuna fidi hapa

Hii ndo ya kwanza kwa wageni na kosa linakuwa kwenye anwani. Umeweka anwani ya ukurasa wa mbele, rida imeenda kutafuta tangazo la fidi ndani ya ukurasa haikulikuta. Fungua tovuti kwenye brauza, bonyeza Ctrl+U uone kodi ya ukurasa, alafu tafuta maneno `application/rss+xml` au `application/atom+xml`, pembeni yake kuna anwani unayoitaka. Usipokuta, jaribu kubahatisha kwa akili: tovuti za WordPress nyingi fidi yake iko mwishoni mwa anwani kwa kuongeza `/feed/`, mfano Global Voices kwa Kiswahili ni `sw.globalvoices.org/feed/`. Blogu za Blogspot, na huku kwetu bado zipo nyingi sana, unaongeza `/feeds/posts/default`. BBC Swahili iko `feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml`. Chaneli ya YouTube ni `https://www.youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id=` ukimalizia na ile namba ndefu ya chaneli inayoanza na UC.

Alafu usiiulize rida, uliza terminali, pale penye ANWANI weka anwani ya fidi:

`curl -sL ANWANI | head -n 5`

Ukiona `<?xml` na chini yake `<rss` au `<feed`, hiyo ni fidi, rida inatakiwa iikubali. Ukiona `<!DOCTYPE html>` umeletewa ukurasa wa kawaida na hamna rida duniani itakayoufanya uwe fidi. Hii komandi moja inakuokolea masaa, mimi siku hizi sigusi setingi yoyote kabla sijaipiga.

Fidi moja tu imekufa, nyingine ziko sawa

Hapa piga `curl -sIL ANWANI` uangalie namba iliyo kwenye mstari wa mwisho unaoanza na HTTP. 200 ni nzima. 404 imehamishwa au imefutwa, rudi kwenye tovuti utafute mpya. 410 mwenye nayo anakwambia ameiondoa moja kwa moja, itoe kwenye orodha. Zinazosumbua ni mbili, 403 na 429.

403 unakuta kwenye brauza inafunguka vizuri ila rida inakataliwa. Tovuti nyingi zimewekewa ukuta wa kuzuia roboti, na rida kwa macho ya huo ukuta ni roboti, kwasababu kweli ni programu inayokuja yenyewe bila mtu. Rida inajitambulisha kwa jina lake kila ikiomba faili, na kwenye Newsboat unaweza kulibadilisha kwa mstari wa `user-agent` ndani ya faili la config. Inasaidia mara nyingine ila sio dawa ya uhakika. Mimi napenda kumwandikia mwenye tovuti kwanza, wengi hawajui kabisa kwamba ukuta wao umezuia fidi waliyoiweka wao wenyewe, na mmoja niliyemwandikia alifungua siku hiyohiyo akashukuru.

429 kosa ni lako. Unaomba mara nyingi mno. Kuna watu wanaweka rida ijisasishe kila dakika 5 kwa fidi ya blogu inayoandika mara moja kwa wiki, seva ikichoka inakufungia kwa muda. Weka saa moja kwenda juu, na kwa blogu za taratibu hata mara moja kwa siku inatosha kabisa.

Kama namba ni 200 lakini rida inalalamika kuhusu XML, pima faili lenyewe:

`curl -sL ANWANI | xmllint --noout -`

Kwenye Debian na Ubuntu xmllint iko kwenye paketi ya `libxml2-utils`. Makosa ninayokutana nayo sana ni mawili, alama ya `&` iliyoandikwa peke yake badala ya `&amp;`, na mstari mtupu kabla ya `<?xml` mwanzoni mwa faili. Huo mstari mtupu kwenye tovuti za WordPress mara nyingi unatoka kwenye faili la thimu au plagini lililohaririwa kwa mkono na mtu akaacha nafasi mwanzoni au mwishoni. Hili linatengenezwa na mwenye tovuti sio wewe. Ila hapa ndo sehemu mojawapo ambapo kubadilisha rida kunasaidia kweli, manake nyingine zinasamehe makosa madogo ya XML na nyingine zinakataa faili zima, kwahiyo jaribu hiyo fidi moja kwenye rida ya pili uone kabla ya kukata tamaa.

Zote zimekufa kwa pamoja

Fidi 60 za tovuti 60 tofauti haziwezi kufa siku moja. Hapa usitafute kwenye fidi.

Angalia saa kwanza, sio utani. Kompyuta zetu nyingi za mezani ni mtumba, kile kibetri cha duara cha kwenye motherboard, CR2032, kimeshakufa, umeme ukikatika na ukirudi kompyuta inaamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Vyeti vya HTTPS, vile vinavyothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, saa ikiwa nyuma kila cheti kinaonekana bado hakijaanza kazi, rida inakataa tovuti zote. Piga `timedatectl` uone tarehe, kama imekosea `sudo timedatectl set-ntp true` uiache ijirekebishe kwa intaneti, alafu nunua kibetri kipya, ni bei ndogo. Mimi hili liliniliza siku nzima, nilishafuta Liferea na kuirudisha mara mbili, ndo nikaja kuona tarehe pale kwenye kona ya skrini.

Pili, mfumo wa zamani. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu cha zamani kilichokuwa kinabeba Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, kinaitwa DST Root CA X3, kiliisha muda, na tovuti zinazotumia Let's Encrypt ni nyingi mno. Mashine zenye Linux ya zamani isiyopata apdeti zikaanza kukataa tovuti hizo wakati brauza ya Firefox inazifungua vizuri, kwasababu Firefox inatembea na vyeti vyake yenyewe na rida inategemea vya mfumo. Ukiona hiyo tofauti, Firefox inafungua na curl inakataa kwa sababu ya cheti, fanya apdeti ya `ca-certificates` na maktaba za mfumo, na kama Linux yako imeshaacha kupata apdeti hamna njia ya mkato, panda toleo jipya.

Tatu, proksi, yaani seva ya kati ambayo intaneti yote inapitia. Ofisini au chuoni brauza imewekewa proksi, rida haijui. Kama umeiweka proksi kwenye `.bashrc` basi programu inayofunguliwa kutoka kwenye menyu mara nyingi haiioni, ila ukiifungua kutoka terminali inaiona, na ndo unapata ule mkanganyiko wa "mbona jana ilifanya kazi". Iweke kwenye setingi za mfumo au za rida yenyewe, Newsboat ni `use-proxy yes` na `proxy "ANWANI:PORTI"`.

Na nne, bando limeisha. Ukiwa umeishiwa, mtandao unaweza kukurusha kwenye ukurasa wake wa kununua bando, au wifi ya hotelini inakurusha kwenye ukurasa wa kuingiza namba ya siri. Rida inaomba fidi inaletewa ukurasa wa HTML, inasema fidi imeharibika. Mbaya zaidi, huo ukurasa ukija kwa namba 301, ambayo maana yake "nimehama moja kwa moja", baadhi ya rida zinabadilisha anwani ya fidi kwenye orodha yako kabisa, ukinunua bando bado fidi haiji. Fungua sifa za hiyo fidi uangalie anwani, au rudisha ile OPML.

Kompyuta inakuwa nzito, feni inapiga kelele

Hapa ndo swali la kuchagua rida linakuwa na uzito wenyewe, na hapa ningependa utulie.

Rida nyingi za madirisha zimebeba brauza ndani yake ili zikuonyeshe makala vizuri. Liferea, ambayo ipo tangu 2003, inatumia WebKitGTK, Akregator ya KDE inatumia QtWebEngine ambayo ndani yake ni Chromium. Kwahiyo ukifungua makala tano zenye matangazo na video ni sawa na umefungua tabo tano za brauza. Fungua `htop` ukiwa unasoma, ukiona `WebKitWebProcess` au `QtWebEngineProcess` ndo zinakula RAM, basi orodha yako ya fidi haina shida, kinachokuchosha ni kurasa.

Kama mashine ina RAM 8GB hii dalili huenda usiione maishani. Ikiwa 4GB, tumia Liferea au RSS Guard lakini soma muhtasari ndani ya rida na makala nzima fungua kwenye brauza yako ambayo ina kizuizi cha matangazo. RSS Guard ina toleo jepesi ambalo halina QtWebEngine, hilo ndo la kuchukua. Ikiwa 2GB, na hizi laptop ndogo zipo nyingi mtaani, nenda Newsboat moja kwa moja. Nimemwekea mdogo wangu kwenye laptop ya 2GB, ana fidi kama 80, inafunguka papo hapo na haihangaishi feni. Kweli ni maandishi matupu kwenye terminali na wiki ya kwanza mtu analalamika, ila vitufe vya kukariri ni vichache: `R` inasasisha zote, `r` ile moja, Enter unafungua, `o` inaipeleka kwenye brauza, `A` unaweka zote za fidi hiyo zimesomwa, `q` unarudi. Fidi zenyewe unaziandika kwenye faili la `urls`, kila mstari anwani moja. Na ndo muendelezo wa Newsbeuter ya zamani, ilijitenga 2017, kwahiyo ukikuta maelekezo ya kale ya Newsbeuter mengi bado yanafaa.

Sio uzito ila unakuta sehemu ya makala ni nyeupe tupu kwenye rida zinazotumia WebKitGTK, hasa kwenye kadi za Nvidia? Funga rida alafu ifungue hivi: `WEBKIT_DISABLE_COMPOSITING_MODE=1 liferea`. Ikigoma jaribu `WEBKIT_DISABLE_DMABUF_RENDERER=1 liferea`. Ikikubali basi kosa ni la dereva ya kadi, weka huo mstari kwenye njia ya mkato yako ya kufungulia.

Bando linayeyuka

Tupige hesabu. Chukulia una fidi 100, kila moja faili lake ni 50KB, duru moja ni kama 5MB. Ukiweka ijisasishe kila dakika 15 ni duru 96 kwa siku, 480MB zimeondoka na hujafungua makala hata moja. Ukiweka kila baada ya masaa mawili ni duru 12, 60MB. Tofauti ni setingi moja tu.

Kwenye maisha halisi inakuwa chini ya hapo kama rida na seva zote zina adabu: rida inamuuliza seva "kuna kipya tangu mara ya mwisho?", seva ikijibu 304 maana yake hamna, faili halishuki. Rida nyingi nilizozitaja zinajua kuuliza hivyo, ila seva sio zote zinajua kujibu.

Vitu vingine vinavyokula ni picha, na rida kupakua mafaili ya podikasti yenyewe, zima hiyo kama huihitaji. Thunderbird nayo iangalie, kwenye sifa za fidi kuna sehemu ya kuchagua ionyeshe muhtasari badala ya kupakia ukurasa wote wa tovuti, chagua muhtasari. Na wakati wa kuinstoli fikiria pia, NewsFlash ni nzuri machoni na wengi wanaichukua Flathub, duka la programu za Flatpak, ila kama hujawahi kutumia Flatpak mara ya kwanza itashusha na mizigo yake ya chini, ni mamia ya MB. Mwenye bando la kupimia achukue kilichopo kwenye hazina ya mfumo wake kwa `apt` au `dnf`, ni chepesi zaidi.

Kuna makala zinapotea, nilizima kompyuta wikendi nimerudi hazipo

Hazikupotea kwako, hazikuwahi kufika. Fidi haibebi historia yote, inabeba za mwisho chache tu: WordPress kwa kawaida 10, YouTube 15, Blogspot 25. Tovuti ya habari inayotoa makala 40 kwa siku ukizima siku mbili zile za katikati zimeshasukumwa nje. Kubadilisha rida hakutasaidia hata kidogo kama nayo iko kwenye kompyuta inayozimwa.

Dawa ni kitu kinachowaka muda wote. Miniflux au FreshRSS, ambazo ni rida za kwenye seva, unaviweka kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) au seva ndogo ya kukodi, vinakusanya usiku na mchana, alafu NewsFlash, RSS Guard au Newsboat zinaunganishwa navyo kusomea. FreshRSS inataka PHP na inaridhika na SQLite, Miniflux lazima uwe na PostgreSQL. Kwa anayeanza ningesema FreshRSS. Faida nyingine ukisoma kwenye simu, kwenye laptop nako inaonekana umeshasoma.

Makala za zamani zimerudi zote kama hazijasomwa

Ikiwa ni fidi moja, tovuti imebadilisha vitambulisho vya makala, mara nyingi ni pale walipohama kutoka http kwenda https au kubadilisha jina la tovuti. Rida inaona vitambulisho vipya inadhani makala mpya. Weka zote zimesomwa uendelee, haitajirudia.

Ikiwa ni fidi zote, na jana umeme ulikatika kompyuta ikiwa inaandika, pima database. Funga rida kwanza kabisa, nakili faili pembeni, alafu:

`sqlite3 ~/.local/share/liferea/liferea.db "PRAGMA integrity_check;"`

Newsboat ni `~/.newsboat/cache.db`, au kama folda lako liko kwenye mfumo mpya itakuwa `~/.local/share/newsboat/cache.db`. Ikijibu `ok` database ni nzima. Ikitema mistari ya makosa, libadilishe jina hilo faili, fungua rida itatengeneza jipya, na fidi zako hazitapotea kwasababu Liferea na Newsboat zinatunza orodha kwenye faili tofauti na makala.

Newsboat ikikwambia kuna nyingine inaendeshwa tayari, iamini. Piga `pgrep -a newsboat`, mara nyingi imebaki kwenye tmux (programu inayoacha terminali zikiendelea nyuma) au dirisha ulilolisahau, ifunge vizuri, usikimbilie kufuta mafaili.

Rida ni nzima ila haina mwenyewe

QuiteRSS, rida nyingine ya zamani, bado inapendwa na ninaelewa kwanini, ila toleo lake la mwisho, 0.19.4, lilitoka 2020. Programu inayofungua kurasa za intaneti bila kupata marekebisho ya usalama miaka yote hiyo mimi simshauri mtu. Hamia RSS Guard, mpangilio unafanana na hutapata shida kuzoea.

Ukiwa unahama, usiifute ya zamani siku hiyohiyo. Ingiza OPML kwenye mpya, ziendeshe zote mbili kama wiki, chukua fidi tano unazozijua vizuri ulinganishe kila jioni idadi ya makala. Ila kumbuka kuzima kujisasisha kwenye zile fidi nyingine za rida ya zamani, la sivyo bando unalilipia mara mbili.